Shemeji karudisha gari la rimoti mota imekufa: nisuke au ninunue?

Shikamoo fundi.

Nina gari la rimoti, Tamiya TT-02, lile la ukubwa wa 1/10, alilonitumia kaka yangu aliyeko Muscat. Lilikuja limeshatolewa mota yake ya kaboni na kufungwa ya brashilesi ya 3900 KV isiyo na sensa, pamoja na kidhibiti mwendo cha ampea 60 na betri ya lipo ya seli mbili. Mimi na binti yangu Nasra huliendesha jioni kwenye uwanja wa zege wa shule ya jirani. Hatushindani na mtu, na tangu lije halijawahi kutusumbua.

Sikukuu ya Idd shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliliomba akalichezee na vijana wenzake huko Pangani. Nikampa, pamoja na boksi lake la vipuri. Lilirudi limefutwa vizuri kwa nje, ila ukiligeuza mchanga unamwagika. Gia nazo si zile nilizozijua. Nilizoea gia kubwa ya meno 70 na pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 22. Yeye kaweka ya 68 na pinioni ya 27, zote alizikuta kwenye boksi, kwa sababu eti zile za mwanzo zilikuwa zinalichelewesha. Anasema lilikimbia ufukweni mpaka watu wakaja kutazama, halafu likaanza kukwamakwama.

Hali yake sasa ni hii. Ukiwasha, taa inawaka na ule mlio wa kuanza unasikika, ingawa hafifu kuliko zamani. Kona linakata. Ukivuta mwendo linatetemeka palepale, mota inakoroma, haliondoki. Nikilisukuma kidogo kwa mkono linadaka, linakwenda hatua mbili tatu, kisha linarudia kutetemeka. Likiwa limezimwa nalisukuma linateleza vizuri, halina uzito wowote. Na mota inanuka, harufu ya soketi ya umeme iliyoungua.

Nimelipeleka kwa fundi wa kusuka mota za feni na pampu, mtu anayeaminika, feni zote za mtaani kwetu zimepita mikononi mwake. Akaweka mita kwenye zile waya tatu za mota, mita ikalia kila alipogusa, akasema koili ni nzima. Muda huohuo akasema huenda imechoka, na kwa elfu arobaini ataisuka upya. Sikuelewa inakuwaje nzima na wakati huohuo imechoka. Muuzaji mmoja wa vipuri naye ananishauri niachane na kusuka, nichukue ya 5200 KV kwa kuwa ina nguvu zaidi.

Naomba unisaidie: kilichokufa ni mota au kidhibiti? Nisuke au ninunue? Nikinunua, ninunue ipi? La mwisho ndilo zito kwangu. Shemeji anasema mota ilikuwa na ugonjwa wake kabla hajaigusa. Mke wangu yuko katikati. Nimdai au ninyamaze?

Baba Nasra, Tanga

*

Marahaba, Baba Nasra. Hongera kwa kueleza dalili badala ya kuniandikia tu "limekufa", kama wengi wanavyofanya. Hizo dalili zako zimeshanipa zaidi ya nusu ya jibu.

Nianze na mita iliyolia, maana ndiyo iliyokuchanganya. Koili za mota kama yako ni waya nene zilizozungushwa mizunguko michache sana. Ukinzani wake kati ya waya mbili ni sehemu ndogo tu ya omu moja, mdogo kuliko ukinzani wa waya za mita yenyewe. Kwa hiyo mota nzima italiza mita, na mota iliyoungua koili zikagusana nayo italiza mita, na sauti ni ileile. Hata koili zikiwa zimeyeyuka varnishi zote, ule utando unaozitenga nyuzi zisigusane, mita italia kwa furaha. Fundi wako hakukudanganya. Kwenye feni kipimo hicho kina maana, kwa kuwa feni ina mizunguko mingi ya waya mwembamba na ukinzani wake unasomeka. Hapa hakisemi kitu. Kingesema kitu kama mita ingekataa kulia, au kama ingelia pale unapogusa waya mmoja wa mota na mwili wake wa chuma. Hicho cha pili kipime leo. Kwaruza rangi kidogo kwenye mwili wa mota ili upate chuma kitupu, gusa hapo na waya mmoja mmoja. Ikilia, koili imegusa chuma na mota hiyo usiifunge tena kwenye kidhibiti.

Sasa kwa nini linatetemeka, na kwa nini linadaka ukilisukuma? Mota ya kaboni hupewa umeme kwa waya mbili, na zile kaboni ndizo zinazobadilisha njia ya umeme kila inapozunguka. Mota ya brashilesi haina kaboni, kazi hiyo inafanywa na kidhibiti. Kinapeleka umeme kwenye waya mbili kati ya tatu, na ule wa tatu kinausikiliza: sumaku inapopita mbele ya koili huzalisha volti kidogo, na kwa volti hiyo kidhibiti kinajua sumaku imefika wapi. Gari likiwa limesimama hakuna volti ya kusikiliza, hivyo kinaanza kwa kubahatisha. Waya mmoja ukikatika, kubahatisha hakufanikiwi, sumaku inavutwa huku na huku mahali pamoja, na hiyo ndiyo mitetemo yako. Ukilisukuma, sumaku inazunguka, kidhibiti kinapata habari kidogo, kinadaka, halafu kinapotea tena.

Hata ule mlio hafifu ni ushahidi. Watu wengi hudhani unatoka kwenye kidhibiti. Unatoka ndani ya mota: kidhibiti kinapitisha umeme kidogo kwenye koili na koili zinatikisika kwa sauti. Koili moja ikiwa haipati umeme, sauti inapungua au inapotea.

Kwa hiyo nadhani njia moja kati ya tatu imekatika, au imebaki na mguso dhaifu tu: mguso kama huo unatosha kuliza mita ya fundi wako, lakini haubebi mkondo wa mota. Swali linalobaki ni wapi: kwenye kidhibiti, kwenye soketi za kuunganishia, au ndani ya mota. Hapa ndipo nakusihi usinunue chochote kwanza. Mota iliyoungua hupenda kuua kidhibiti, na kidhibiti kibovu huua mota. Ukifunga mota mpya kwenye kidhibiti kigonjwa, utaniandikia barua nyingine.

Chomoa betri kabisa. Fungua mota uitoe kwenye gari, chomoa waya zake tatu, na hakikisha hazigusani. Kabla ya kuendelea, zungusha magurudumu ya gari kwa mkono mota ikiwa haipo. Yazunguke kwa wepesi. Gari hili hutoka na bushi za plastiki sehemu nyingi ambako magari ya mashindano huwekewa beringi, na mchanga wa Pangani ukiingia humo unasaga. Gia zikiwa nzito, mota yoyote utakayofunga itaungua.

Kisha shika shafti ya mota uizungushe kwa vidole. Mota nzima ina vituo: unahisi inashika, inaachia, inashika, inaachia, kwa mpangilio ulio sawa mzunguko mzima. Ukisikia kama kuna changarawe, beringi zimekwisha. Ikiwa inazunguka nzito muda wote kama unakoroga ugali unaokaribia kuiva, na waya zake hazigusani popote, basi koili zimeungana kwa ndani. Hapo hakuna la kujadili.

Ikiwa inazunguka kawaida, fanya kipimo ambacho hakihitaji mita wala senti moja. Zipe majina waya zako: A, B na C. Gusisha A na B, zungusha shafti. Utahisi breki, kwa sababu umeme unaozalishwa na sumaku umepata njia ya kuzunguka. Rudia kwa B na C, kisha A na C. Breki zote tatu ziwe sawa. Kama A na B hakuna breki, A na C hakuna breki, lakini B na C ipo, waya A ndio uliokatika. Umeshampata mgonjwa kwa vidole vyako. Ukihisi breki sawa kote, mota yako ni nzima kwa upande wa njia za umeme, na macho yahamie kwenye kidhibiti.

Kidhibiti nacho kina kipimo chake, na fundi wako ana mita ya kukipima. Chomoa betri, bonyeza swichi ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Weka mita kwenye alama ya daiodi. Waya mwekundu wa mita uguse njia ya hasi ya betri, mweusi uguse waya za kwenda kwenye mota, mmoja baada ya mwingine. Kisha mweusi wa mita uguse njia ya chanya ya betri, na mwekundu uguse zile tatu. Usihangaike na namba yenyewe. Angalia kama tatu zinafanana. Moja ikisoma sifuri, transista ya upande huo imeungua. Kwako sidhani, kwa sababu moja: umesema gari likizimwa linateleza bila uzito. Transista ikiungua na kuunga njia moja kwa moja, mara nyingi gari huwa gumu kusukuma hata bila betri, kwa sababu ileile ya breki uliyoihisi kwa vidole. Ila transista inaweza pia kufa kwa kukatika, na hiyo haileti uzito, kwa hiyo pima tu.

Tuseme vidole vimesema waya A. Fungua kwanza sehemu rahisi. Mara nyingi ni ile pini ya shaba ya mviringo iliyoungwa mwishoni mwa waya: mota ikipata joto kali, risasi ya kuungia inalegea, pini inabaki imeshikwa na plastiki ya nje tu. Kata plastiki hiyo, vuta pini taratibu. Ikitoka, umepona kwa bei ya kipande cha risasi. Iunge upya kwa pasi yenye nguvu, wati 60 hivi. Pasi ndogo ya redio itachukua muda mrefu kupasha shaba nene, na joto litapanda mpaka kwenye koili.

Kama pini ni nzima, mkatiko uko ndani, pale waya laini wa nje unapoungana na nyuzi za koili. Fungua skrubu za kifuniko cha mota. Nyingine zimebanwa kiwandani na hazifunguki, hizo ziache. Shika vizuri unapotoa sumaku: inavutwa na chuma kinachoizunguka kwa nguvu, na ikiachia ghafla inabana vidole au inapasuka. Utakuta vishimu, yaani washa nyembamba sana, kwenye shafti. Viandike vimekaa upande gani na vingapi, kwa kuwa ndivyo vinavyoiweka sumaku mahali pake.

Na hapa utaona alichokuletea shemeji. Tandaza kitambaa cheupe. Mchanga wa ufukweni huwa na chembe nyeusi za madini yanayovutwa na sumaku, nazo zitakuwa zimeganda kwenye rota, ile shafti yenye sumaku, kama ndevu. Kupuliza hakuzitoi. Chukua tepu, ibandike, ibandue, rudia mpaka tepu itoke safi. Tazama rota kwa makini: kama zile nyuzi, za kaboni au nyingine, zilizofungwa juu ya sumaku zimekwaruzika, chembe zimekuwa zikisaga kati ya sumaku na chuma, na mipasuko midogo ikionekana rota hiyo haifai. Kwa mwendo wa mizunguko zaidi ya elfu thelathini kwa dakika, kipande cha sumaku kikitoka kinamaliza koili zote.

Kisha angalia rangi ya koili. Varnishi nzima inang'aa, ya dhahabu au ya hudhurungi, sawa kila mahali. Ikiwa imegeuka nyeusi upande mmoja, na harufu uliyoisema inatoka hapo, hata ukiunga ule waya utakuwa umemfufua mtu asiyekaa siku mbili. Ikiwa rangi ni nzuri na waya umechomoka tu, kwaruza varnishi ya kila unyuzi, narudia, kila unyuzi, kwa kuwa risasi haishiki juu ya varnishi, kisha unga.

Sasa kusuka. Sikushauri, na si kwa kumdharau fundi wako. Feni ina nafasi ya kutosha na mizunguko mingi; ukikosea mmoja haijulikani. Mota hii ina mizunguko michache ya nyuzi kadhaa zilizokwenda pamoja, kwenye mifereji membamba ambayo mara nyingi imemwagiwa gundi ngumu. Mzunguko mmoja ukizidi upande mmoja, pande tatu hazilingani tena, na mota inapata joto hata ikiwa haina mzigo. Pia kuna jambo ambalo kusuka hakugusi, nalo ni sumaku. Sumaku za mota hizi ni za neodimiamu. Za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu bila kurudi zikipita nyuzi joto 80 hivi. Za daraja la mota huvumilia zaidi, lakini nazo zina kikomo. Mota iliyochemka mpaka ikanuka inaweza kuwa imepoteza sumaku pia. Dalili yake inawahadaa watu: sumaku ikidhoofika, mota isiyo na mzigo inazunguka kwa kasi zaidi kuliko zamani. Mtu anasema imeamka. Ukiiweka chini haina nguvu, inakula umeme mwingi na inachemka upesi. Utatoa elfu arobaini usuke koili mpya kuizunguka sumaku mfu.

Kwa hiyo uamuzi wangu: pini au waya umechomoka na koili ni safi, tengeneza. Beringi zimekwisha, badilisha beringi, ni rahisi na namba yake imeandikwa kwenye ukingo wake; kama imefutika, pima tundu, upana wa nje na unene. Koili nyeusi, koili zimeungana, au rota imepasuka, nunua nyingine. Ya zamani usiitupe, skrubu na pini zake zitakufaa.

Kuhusu shemeji. Hoja yake kwamba mota ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo inaweza kuwa kweli kama utakuta pini imechomoka na koili zinang'aa. Risasi mbaya ya fundi wa Muscat au wa kiwandani haina uhusiano na Pangani. Ukikuta koili nyeusi na rota yenye ndevu za mchanga, hoja hiyo imekufa, na hesabu ni hii. Gari hili ndani lina uwiano wake wa gia wa 2.6, unaozidishwa na ule wa gia kubwa na pinioni. Kwa meno 70 na 22, mota ilizunguka mara 8.27 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa 68 na 27 ni mara 6.55. Ili kusukuma gari kwa nguvu ileile, mota sasa inahitaji mkondo mkubwa zaidi kwa asilimia 26. Joto kwenye koili halipandi sawa na mkondo, linapanda kwa mraba wake, kwa hiyo ni ongezeko la karibu asilimia 60. Hapo bado ni kwenye zege. Kwenye mchanga, ambako gurudumu linazama na gari halifikii kasi yake, kila mwendo ni kama kuondoka upya mlimani. Kasi alipata, siwezi kumnyima: betri ikiwa imejaa, volti 8.4, kwa hesabu ya karatasi lilitoka kilomita 47 kwa saa likafika 60.

Hata hivyo, wewe ndiye uliyempa boksi lenye gia hizo bila neno, na gari ni la lami na zege. Mtu wa Pangani aende wapi nalo kama si ufukweni? Ningekuwa wewe, ningefungua mota mbele yake, sikukuu yoyote akija au ukienda, mkafanya kipimo cha waya tatu kwa vidole vyake mwenyewe. Usimtume mkeo na maneno. Ndugu wa mke ukimdai kupitia dada yake, deni la mota linakuwa deni la ukoo. Ikiwa ni uchakavu, nyamaza. Ikiwa ni mchanga na joto, mwambie waziwazi achangie nusu ya mota, nawe ubebe nusu na beringi. Vijana wengi wakishaona koili nyeusi kwa macho yao huchangia bila kubishana. Akikataa, usiendelee. Gari lisiende tena Pangani, imeisha.

Sasa ununuzi. Muuzaji aliyesema 5200 KV ina nguvu zaidi anauza namba. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo, basi. Haipimi nguvu. Kwa mota za umbo moja, KV ikipanda, mota inahitaji mkondo zaidi kutoa msukumo uleule. Mota hiyo kwa gia alizoacha shemeji, kwa karatasi, ni kilomita 80 kwa saa. Kwenye uwanja wa shule, Nasra akiwa ameshika rimoti! Kwako ningechukua kati ya 3000 na 3500 KV. Ya 3300 kwa gia za mwanzo inakupa takriban kilomita 40 kwa saa, na kwa uwanja wenu hiyo inatosha na kubaki.

Mengine ya kulinganisha ni vipimo. Umbo liwe la 540: kipenyo milimita 36, urefu kama milimita 50 au zaidi kidogo, mara nyingi inauzwa kwa namba 3650. Shafti iwe ya milimita 3.17, kwa sababu pinioni zako zina tundu hilo; kuna mota zenye shafti ya milimita 5 na utazipenda kwa bei halafu pinioni isiingie. Matundu ya skrubu yawe umbali wa milimita 25, skrubu za M3. Angalia pini za waya kama ni za milimita 4 au 3.5, zifanane na za kidhibiti. Soma pia maandishi ya kidhibiti chako kinaruhusu mwisho KV ngapi kwa seli mbili. Na angalia sana urefu wa skrubu za kufungia. Skrubu ndefu inapita kifuniko, inaingia ndani na kuchuna koili, mota mpya inakufa kabla haijatoka uani. Kabla ya kuifunga kwenye gari, ingiza skrubu kwenye kishikio cha mota peke yake, pima kinachobaki nje, na kilinganishe na kina kilichoandikwa kwenye karatasi ya mota.

Rudisha 70 na 22. Osha mfumo wa gia kwa brashi na sabuni, suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, tia grisi kidogo. Bushi za plastiki zilizosagwa badilisha kwa beringi, hilo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko KV. Ukifunga pinioni, kama kishikio kinaruhusu mota kusogea, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zibane juu yake, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Gia zikizunguka na kuacha mchezo mdogo, hapo pazuri. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote kati ya tatu. Haidhuru kitu.

Siku ya kwanza endesha kwa dakika tatu au nne, simamisha, pima joto la mwili wa mota. Kipimajoto cha paji la uso kilichobaki tangu wakati wa Korona hakitakusaidia kikiwa kwenye hali ya kupima mtu, vingi vinaishia nyuzi 43 hivi. Tafuta cha kupimia mashine. Ikiwa chini ya nyuzi 70, endelea mpaka betri iishe na upime tena. Ikikaribia 80, punguza pinioni iwe ya meno 21 au 20, na usisubiri harufu.